Msiba wa Mughwai wa Kwenye Simu

Kabla hujaisikia habari hii kwa jirani yetu Bi Redempta, isikie kwangu, maana yeye ataapa kwamba alimfahamu marehemu tangu akiwa mtoto. Hakumfahamu. Hakuna aliyemfahamu. Marehemu alikuwa mtu wa kwenye hadithi, na msiba wake tuliufanya hapa hapa kwetu Unyambwa, kwa turubai, mikeka na rozari, alizeti ikiwa bado haijapigwa.

Mimi naitwa Joyce. Nina mdomo, najua, na sijawahi kumwomba mtu anipunguzie. Nakaa na mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Gerald kwa jina la kaka yangu. Huyo Gerald yuko Manyoni kwenye kazi za reli na nyumbani huja akikumbuka. Mwaka jana alioa binti wa Kinyiramba kutoka Mkalama, Editha, akatuletea, akanywa chai, akarudi Manyoni. Tukabaki wanawake watatu na kuku.

Wifi yangu si mvivu. Ningependa awe mvivu, ningekuwa na la kusema, lakini anaamka mapema kuliko jogoo wetu, ambaye naye simsifii. Kosa lake lilikuwa simu. Kila jioni tukishamaliza kula anaosha vyombo, anajifungia chumbani kwake, na kimya. Mara utasikia anacheka peke yake. Mara anasema "Toka hapo, mjinga wewe, toka!" na chumbani hamna mtu.

Nilimsimanga sana. Nilipogundua ni hadithi ndipo nikazidisha. Inaitwa Wenye Kucha, imeshafika kitabu cha nne, na mambo yote yanatokea Dar es Salaam hii hii ya mabasi ya mwendokasi na maghorofa, ila katikati ya watu kuna wasio watu. Kuna jini anaishi ndani ya transfoma, umeme ukikatika ujue kalala. Kuna fisi wanaovaa suti. Na kuna Mughwai, kijana wa Kinyaturu kutoka Ilongero, mchana anakata tiketi kituo cha mwendokasi, giza likiingia anageuka simba na kuwalinda wanyonge. Mwanamke mzima na nyumba yake anasoma vitu hivyo! Nilimwambia hivyo mbele ya mama, na mama akatikisa kichwa.

Halafu siku moja wifi aliacha simu juu ya meza, akaenda kumwaga maji. Nikachungulia ukurasa mmoja tu, nipate la kumcheka. Mughwai alikuwa amefungiwa kwenye jokofu la bucha na fisi watatu. Wifi akarudi, akachukua simu yake, na mimi nikabaki na yule kijana kwenye jokofu siku nzima. Sikula vizuri. Jioni niliweka laini yangu ya pili, ambayo hakuna nyumbani anayeijua namba yake, nikatafuta lile kundi la WhatsApp nililoliona kwenye simu ya wifi, nikaingia. Nilijiita Malkia wa Chumvi.

Kundi lile lina sheria kali. Msimamizi wake ni dada mmoja wa Manyoni, Emiliana. Anatuma sehemu moja kila jioni, wote tunasoma, na hakuna ruhusa ya kuandika hata nukta mpaka yeye aandike "Haya." Hapo ndipo mnamwagika. Kuna bodaboda wa Ilongero anayesoma akisubiri abiria, kuna dada anafanya kazi za ndani Oman, kuna mzee wa Kiomboi anayewashuku wahusika wote hata watoto wachanga. Na alikuwepo Editha wa Unyambwa, ambaye nyumbani haongei maneno kumi, kule anaandika mpaka kidole kinaota moto.

Tukapatana mara moja, yeye na Malkia wa Chumvi. Lile nililolisema mimi yeye anaongezea, analolisema yeye mimi namalizia. Ukuta mmoja wa tofali katikati yetu. Na alikuwa ananisimulia! Siku moja aliandika, "Wifi yangu leo kanificha chumvi nimepika mboga chapwa, mama kanisema." Kweli nilikuwa nimeificha. Nikamjibu, "Pole mpenzi. Mawifi ni balaa." Akaandika, "Siyo mbaya sana. Ana moyo, ila mdomo unautangulia." Nilizima simu nikalala bila kusali. Kesho yake chumvi niliiweka mezani katikati.

Siku nyingine aliandika jambo ambalo bado ninalo. Aliandika kwamba katika kundi lile ndipo anapoitwa Editha. Kwetu, alisema, yeye ni mke wa Gerald, na Gerald mwenyewe hayupo.

Basi ikatokea mlenda ukaungua. Mama yangu si mkali wa kelele, ni mkali wa sauti ya chini, na hiyo ni mbaya zaidi. Alitazama sufuria, akatazama simu.

"Mke wa Gerald," alisema, "sikukatazi. Ila siku simu hiyo ikiniaibisha mbele ya watu, itakwenda Manyoni kwa aliyeinunua, na wewe utatumia kiswaswadu changu hiki cha kubonyeza."

"Sawa, mama," wifi alijibu. Niliona mikono yake ilivyokuwa inaishika ile simu. Kiswaswadu hakina kundi, hakina Mughwai, hakina mtu wa kumwita Editha. Mama hakujua anamtishia nini. Mimi nilijua.

*

Siku ya msiba Emiliana alikuwa na safari, akatuma sehemu mchana. Mimi na wifi tulikuwa uwanjani tunapiga alizeti kwa fimbo, mama ndani anapepeta. Simu ya wifi ikalia. Yangu ikatikisika mfukoni. Yeye akakaa hapo hapo juu ya lundo la alizeti akafungua. Mimi nikasema tumbo linanikata, nikakimbilia chooni, maana chooni ndipo mahali pekee ambapo mama hanifuati.

Sitaki kuirudia sehemu ile. Fisi wa suti walimzingira Mughwai kwenye daraja la Kigamboni. Yule mkubwa wao alikuwa amemshika mtoto wa muuza maji. Mughwai akamnyang'anya mtoto, akamrushia muuza maji mama yake, akamkumbatia fisi, wakaanguka wote wawili. Na sentensi ya mwisho: "Maji yakajifunga." Basi. Hakuna kingine.

Nililia chooni kwa kuuma kanga. Wifi hakuuma kitu. Alilia waziwazi, sauti ya mtu aliyefiwa, na mama akatoka na ungo mkononi.

"Nani?" mama aliuliza. Kwetu huulizi "kuna nini" ukisikia kilio kile. Unauliza nani.

Nikawahi kutoka. Nilitaka kumziba mdomo, lakini alikuwa ameshajibu.

"Mughwai, mama."

"Mughwai gani?"

"Wa kundini kwetu. Wa Ilongero, anaishi Dar."

Mama akaweka ungo chini. Mama amekuwa kwenye vikundi maisha yake yote, cha kuweka akiba, cha kulima, cha jumuiya ya kanisa, na anajua mwanakikundi akifa ni ndugu amekufa. "Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ameanguka darajani, akimwokoa mtoto wa watu."

"Yesu wangu. Mwili umeonekana?"

"Haujaonekana."

"Wazazi wake?"

"Hana. Mama yake alikufa akimzaa."

Ona sasa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo. Wangeulizwa wasomaji wa kundi zima wangejibu hivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama hapo nasubiri aseme lile neno moja, kwamba ni la kwenye hadithi, na nikaona linamfika midomoni, kisha macho yake yakaenda kwenye simu aliyoishika, likarudi tumboni. Angelisema, simu ingekwenda Manyoni jioni ile ile.

Mama akanigeukia mimi. "Na wewe macho mekundu?"

"Moshi, mama."

"Chooni kuna moshi?"

"Nimesikia habari ya Mughwai."

"Kumbe na wewe unamjua?"

"Kwa kusikia," nilisema. Hapo ndipo nilipomtia wifi shimoni kwa koleo langu mwenyewe, maana watu wawili wakimlilia marehemu mmoja, marehemu yupo.

Mama akajifunga kanga ya pili. "Jina la Kinyaturu, mtoto wa Ilongero hapo, yatima, afe Dar akiokoa mtoto wa mwenzie, asililiwe hata na mtu mmoja? Labda mimi nisiwe hai. Joyce, nenda kwa Mzee Antipasi. Mwambie tuna msiba."

*

Ungenikuta njiani ungenionea huruma. Mzee Antipasi ndiye balozi wetu wa nyumba kumi na ndiye kiongozi wa jumuiya, na ukimwambia msiba haulizi maswali, anaanza kuhesabu mikeka. Nilifika, nikampa shikamoo, nikafungua kinywa nimwambie ukweli, nikasikia kinasema, "Mama anasema tuna msiba." Ndivyo kilivyo kinywa changu. Siku ya kukihitaji kinakuwa cha mama.

Jua lilipoanza kushuka, turubai lilikuwa juu. Wanawake wa jumuiya walikuja na unga na kuni vichwani. Majirani zetu Waislamu walileta sufuria kubwa na sukari. Bi Redempta alikuja na kilio kuanzia njia panda. Wifi alikalishwa kwenye mkeka wa wafiwa, kanga kichwani, na kila aliyeingia alimshika mkono akamwambia pole. Nilikaa pembeni yake.

"Wifi," alininong'oneza, "nifanye nini?"

"Lia," nilimwambia. "Ukilia hawakuulizi."

Tukalia. Tulipomkumbuka Mughwai ilikuwa rahisi.

Rozari ikasaliwa, matendo ya uchungu yote. Nilikuwa nahesabu punje huku nikijiuliza Mungu anazipeleka wapi salamu za mtu ambaye hakumuumba yeye. Nadhani ana utaratibu wake.

Halafu akaingia Calist. Calist ni Mnyiramba, ana mashine ya kukamua alizeti pale barabarani, na sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani. Usiponielewa hapo hutaelewa lolote. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kulala juu ya mkeka wa wafiwa akidai nguo za marehemu, anaweza kumtukana maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Calist alikuwa amejipaka majivu usoni na kuvaa koti ndani nje.

"Wanyaturu!" alipiga kelele. "Nimesikia mmemwua mmoja wenu kwa njaa! Yuko wapi? Viatu vyake vinanitosha?"

Watu wakacheka, maana ndiyo kazi yake. Akajitupa mkekani katikati yangu na wifi, akalia kilio cha uongo, akamwona wifi, akashtuka. "Na wewe Mnyiramba mwenzangu unawalilia hawa? Umelipwa nini?"

Mzee Antipasi akasimama, akavua kofia. "Watani mtupishe kidogo. Sasa kwa utaratibu wetu tungependa kusikia wasifu wa marehemu. Binti yetu, mke wa Gerald, ndiye aliyekuwa naye karibu. Karibu, mwanangu."

Nilimshika wifi upindo wa kanga. Alisimama hivyo hivyo. Mama alikuwa anamtazama kwa jicho la kumtia moyo. Jicho lile liliniumiza.

"Marehemu Mughwai," alianza, "alizaliwa Ilongero. Mama yake alifariki akimzaa. Alilelewa na mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga stendi."

"Namkumbuka!" Bi Redempta akadakia. Yeye kaolewa huku lakini kwao ni Ilongero, na hawezi kuacha habari ya Ilongero impite. "Yule wa jicho moja! Mtoto alikuwa mweusi, mpole!"

Wifi akababaika. Kwenye kitabu Mughwai ni mweusi, mpole. "Ndiyo," akasema.

"Nilimpa maziwa kwa mkono huu," Bi Redempta akasema, na wanawake wakamwitikia kwa kilio.

Hilo lilimpa wifi nguvu. Akaendelea. Akasimulia Mughwai alivyopanda basi kwenda Dar akiwa na mfuko wa karanga tu, alivyolala stendi, alivyompigania kipofu aliyeporwa. Sauti ikatulia, mikono ikaanza kusimulia pamoja naye. Yule wifi yangu asiyesema maneno kumi! Walioko jikoni waliacha ugali wakasogea na miiko. Calist aliacha kujifanya analia. Hata mimi niliyesoma vitabu vyote vinne nilikuwa nasubiri kusikia itakuwaje, na hilo ndilo lililotuponza, maana wifi alinogewa, na mtu aliyenogewa hatazami mbele.

"Wakamfungia kwenye jokofu la bucha," alisema, "wao watatu, yeye mmoja. Wakadhani wamemweza. Lakini jua lilikuwa limezama. Mughwai akavuta pumzi, akainama, kucha zikatoka, akageuka."

"Akageukia wapi?" Mzee Antipasi aliuliza.

"Akageuka simba," wifi alisema, na akasikia alichokisema.

Watu wa Dar wangecheka. Sisi hatucheki neno hilo. Bibi zetu walikuwa hawaendi kuteka maji peke yao, na haikuwa kwa sababu ya simba wa porini. Ni kwa sababu ya watu. Kila ukoo hapa una habari yake ya simba-mtu na hakuna anayeitaja penye sufuria. Mwiko ulimponyoka mpishi mmoja. Wanawake wawili waliokuwa wameketi karibu na wifi walihamia mkeka mwingine bila kusimama. Mzee Antipasi alirudisha kofia kichwani polepole.

"Mama Gerald," alisema, "tumemsalia nani rozari?"

Bi Redempta alikuwa anaufuta mkono wake, ule aliompa nao maziwa, kwenye kanga ya jirani.

Calist ndiye aliyeinuka. Alikuwa amemkazia wifi macho. "Binti," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya mashineni, "huyu mtu ni wa kwenye kitabu?"

Wifi akaitikia kwa kichwa.

Kisha Calist akaanza kucheka. Alicheka akakaa, akacheka akalala. "Wanyaturu!" alisema akifuta majivu na machozi. "Miaka yote nawatania na sijawahi kufika hapa! Binti mmoja wa Kinyiramba kawapikisha msiba wa mtu asiyezaliwa! Na Redempta kamnyonyesha!"

Pakalipuka. Wengine walicheka, wengine walilaani, Mzee Antipasi alikuwa anapiga fimbo chini akisema utani una mipaka, Calist akimjibu mipaka iko wapi amwonyeshe. Mama hakucheka na hakulaani. Alisimama, akamwendea wifi, akanyoosha mkono.

"Simu."

Wifi akaitoa. Aliiweka kwenye kiganja cha mama, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mke wa Gerald.

Nisikie vizuri hapa, maana sitalisema mara mbili. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenijua. Lakini nilimtazama amesimama katikati ya watu wote wale, mtu ambaye kila jioni anamwambia Malkia wa Chumvi usiku mwema, na Malkia wa Chumvi ameketi hatua mbili toka kwake anatazama vidole vyake. Nikaona aibu. Nikasimama na kuweka simu yangu juu ya ile ya kwake.

"Na yangu, mama. Mimi pia niko kundini. Nilijua tangu mchana."

Wifi akanitazama. "Wewe upo kundini? Jina gani?"

"Malkia wa Chumvi."

Niliona anarudi nyuma kichwani mwake, jioni moja baada ya nyingine, yote aliyoniambia. Uso ulibadilika rangi.

"Uliniandikia mawifi ni balaa!" alisema.

"Sasa nilidanganya?"

"Ulinificha chumvi, halafu ukanipa pole!"

"Na wewe ulisema nina mdomo!"

"Nilisema una moyo!" alipiga kelele mbele ya jumuiya nzima, na hapo tukaanza kulia wote wawili, safari hii hata sijui kwa ajili ya nani. Calist alitangaza kwamba huu ndio msiba bora aliowahi kuhudhuria na kwamba hataondoka mpaka ale.

Watu walikula. Ugali ulikuwa umeshaiva na kuku wameshachinjwa, na hakuna Mnyaturu wala Mnyiramba anayemwachia marehemu kuku. Mama aliwahudumia wote kwa heshima, akawasindikiza, akaomba radhi kwa kila mmoja. Kisha akaingia chumbani kwake na simu zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga.

*

Asubuhi tulirudi kwenye alizeti. Tulipiga, mimi na wifi, tukisubiri mama atoke na kusema kwamba basi la Manyoni linaondoka na simu. Alitoka na kigoda. Akaketi, akafungua pindo.

"Aliyemsukuma darajani ni nani?" aliuliza.

Tukatazamana.

"Mmenilisha msiba nusu," mama alisema. "Nimeomba radhi kwa mtaa mzima kwa ajili ya mtu nisiyejua hata ameuawa na nani. Nisomeeni. Tangu mwanzo."

Basi tukamsomea. Mmoja anapiga alizeti, mwenzie anasoma, tukichoka tunabadilishana. Simu zilikaa pindoni mwake, zinatoka wakati wa kusoma tu, na lile la Manyoni hakulitaja wala hakulifuta. Wifi kila jioni alikuwa ananiuliza, "Unadhani atanipokonya?" na mimi namsogezea chumvi. Alipofika yule fisi mkubwa, mama akasema anamfahamu mtu wa hivyo pale sokoni. Bi Redempta akaanza kupita na ungo wake, eti anakuja kusaidia kupepeta. Jokofu la bucha alilisikiliza mara mbili.

Tukafika darajani. Maji yakajifunga. Mama akapangusa jicho kwa kiganja, akasema ni vumbi, na kwa kweli vumbi lilikuwepo.

Simu ikalia hapo hapo. Emiliana alikuwa amerudi kutoka safari na ametuma sehemu mpya. Mama akampa wifi simu, na wifi akasoma. Muuza maji alikuwa ufukweni alfajiri anatafuta kandambili ya mwanawe, akaona alama za nyayo mchangani zikitoka majini. Mwanzo za kucha. Mbele kidogo, za miguu ya mtu.

"Yu hai!" nilipiga kelele, fimbo ikaruka, kuku wakatawanyika. "Wifi, yu hai!"

Wifi hakufurahi kama mimi. Aliitazama simu, akamtazama mama, akapiga magoti pale pale kwenye makapi.

"Mama, nisamehe. Kumbe hata hakufa. Nimekuaibisha, nimekuliza bure kwa mtu ambaye hayupo."

"Nani kakuambia nilimlilia yeye?" mama alisema. "Mimi nilikuwa namjua Mughwai? Nilitoka na ungo wangu nikakukuta unalia peke yako, kwenye nyumba ya watu, mumeo hayupo, mama yako hayupo, huna wa kulia naye. Nikakuitia watu. Editha, mimi nilikuwa nalia na wewe."

Alimwita Editha. Sikumbuki kama aliwahi. Wifi alilaza kichwa kwenye magoti ya mama, na mimi nikageukia kuku, maana kuku walikuwa wametawanyika na lazima mtu awaangalie.

Baada ya muda mama akachukua simu, akaigeuza huku na huku.

"Hiki mnachobonyeza mkaongea ni kipi?"

Nikamwonyesha, pale pale kundini. Akabonyeza, akaisogeza mdomoni, akaongea kwa sauti ya chini, ile mbaya.

"Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mimi ni Mama Gerald wa Unyambwa. Huyo kijana Mughwai msiba wake tumeshaufanya hapa, umekwisha, watu wameshakula. Kwa hiyo mwambieni huyo mwandishi, akitaka kumwua tena, aseme mapema. Kuku wamebaki wawili."